Siku ya Mtoto Huanza Jioni

Saa kumi na moja alfajiri Dar es Salaam bado ina giza, lakini mabasi ya shule yameshaanza kupiga honi Mbagala, Kimara, Tegeta na Gongo la Mboto. Ndani ya nyumba, mtoto wa darasa la pili anavishwa sare akiwa amefumba macho. Soksi moja haionekani. Daftari la hesabu lililotakiwa kusainiwa na mzazi halijafunguliwa tangu jana. Chai ni ya moto mno, muda wa kuipoza haupo, na mtoto anapanda basi na tumbo tupu, kisha analala tena huku kichwa kikigonga dirisha. Nairobi hali ni hiyohiyo kwa watoto wa Rongai, Kitengela na Githurai wanaosoma shule za mbali.

Asubuhi kama hizi zikizungumzwa, lawama huenda kwa shule, kwa dereva wa basi na kwa foleni. Sehemu ya lawama hizo ni ya haki, na nitairudia. Hata hivyo, vurugu nyingi za asubuhi hutengenezwa usiku wake, sebuleni kwetu, na sisi watu wazima. Wazee wa pwani huhesabu siku kuanzia magharibi: jua likishazama, siku mpya imeingia. Katika malezi hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Siku ya mtoto huanza jioni, na familia inayomtakia mtoto afya, utulivu na akili ya darasani ianzie hapo kupanga.

Ninachotetea katika makala haya si ratiba ya dakika kwa dakika iliyobandikwa kwenye friji. Natetea mambo machache yanayojirudia kila siku kwa mpangilio uleule: kuoga, kula, kusoma, kucheza, kazi ndogo za nyumbani na kulala. Na ninasema mapema kwamba wajibu wa kuulinda mpangilio huo ni wa wakubwa kwanza. Mtoto hawezi kufuata utaratibu ambao baba na mama wanauvunja kila wakijisikia.

Mtoto hasomi saa

Mtoto wa miaka mitatu au minne hajui saa moja wala saa mbili. Anachojua ni mfuatano: tukishaoga tunakula, tukishakula tunapiga mswaki, tukishapiga mswaki ni hadithi, kisha chandarua kinashushwa. Mfuatano ukirudiwa kila siku unakuwa ndiyo saa yake. Anajua kinachofuata kabla hajaambiwa, na kwa kuwa anakijua, hakiogopi na wala hakipingi sana.

Mtoto asiyejua kinachofuata hana budi kujaribu kila mlango. Juzi alisinzia kwenye kochi, jana alilala saa tano, leo anaambiwa saa mbili. Jana aliachiwa katuni kwa sababu mama alikuwa na wageni, leo anazimiwa katikati. Ameshaelewa kwamba katika nyumba hii "hapana" hutegemea uchovu wa mkubwa aliyeko, basi analia ili aone leo hali ikoje. Sisi tunamwita mkaidi. Ukimtazama vizuri, anafanya jambo la busara: anatafuta mpaka ulipo katika nyumba ambayo mpaka unahama kila siku. Mpaka ukitulia, naye hutulia. Mama hamshindi mtoto kwa sauti tena. Wakati wa kulala ukifika, wote wawili wanajua umefika, na kazi ya mama inabaki kumshika mkono.

Wataalamu wamelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 2002 Barbara Fiese na wenzake nchini Marekani walichapisha mapitio ya tafiti za miaka 50 kuhusu ratiba na desturi za familia. Walikuta kwamba ratiba za nyumbani zinahusiana na mzazi kujiona anaimudu kazi ya malezi, na mtoto kuyamudu mazingira yake, na hata na maelewano ya mume na mke. Hilo la mwisho lisitushangaze. Ugomvi mwingi wa wazazi wenye watoto wadogo huzuka juu ya nani afanye nini saa ngapi, na ratiba huujibu kabla haujaanza.

Hesabu ya usingizi

Tuanze na kulala, maana hapo ndipo penye hasara kubwa kuliko zote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kwa watoto walio chini ya miaka mitano, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana. Kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, chama cha madaktari wa usingizi nchini Marekani kilipendekeza mwaka 2016 saa 9 hadi 12, na kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10.

Sasa tupige hesabu ya nyumbani. Mtoto wa miaka minane anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri ili awahi basi anatakiwa awe ameshalala saa moja na nusu usiku ili apate saa tisa tu, ambazo ndicho kiwango cha chini. Tanzania taarifa ya habari ya televisheni husomwa saa mbili usiku. Maana yake mtoto huyo anapaswa kuwa usingizini kabla msomaji habari hajatusalimu. Ni nyumba ngapi za mjini zinafanya hivyo? Katika nyingi, huo ndio wakati wa kusonga ugali. Baada ya habari huja tamthilia, na mtoto yumo palepale katikati ya sebule. Akilala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na nusu, amepata saa sita na nusu. Kila usiku wa shule anapoteza saa mbili na nusu, na kwa siku tano anapoteza saa kumi na mbili na nusu. Ikifika Ijumaa, mtoto huyo anadaiwa zaidi ya usiku mzima wa usingizi, na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba hana umakini.

Usingizi wa mtoto una kazi. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi zaidi katika usingizi mzito. Ubongo hutumia usiku kupanga na kuhifadhi yaliyofundishwa mchana. Giza linapoingia, mwili huanza kutoa homoni ya melatonini inayoandaa usingizi, na mwanga wa simu iliyoshikwa karibu na macho huichelewesha. Kwa hiyo mtoto aliyepewa simu "apate usingizi" amepewa kitu cha kumwamsha.

Ukiacha wingi wa saa, kuna kulala kwa wakati uleule. Mwaka 2013 Yvonne Kelly na wenzake wa University College London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza walipokuwa na miaka mitatu, mitano na saba. Watoto waliolala nyakati zisizoeleweka walikuwa na matatizo zaidi ya tabia, kwa maelezo ya mama zao na ya walimu wao, na matatizo yaliongezeka kadiri miaka ya kulala ovyo ilivyokuwa mingi. Habari njema ni kwamba waliohamia kwenye wakati maalumu wa kulala walionyesha nafuu. Mzazi ambaye mtoto wake ameshafika darasa la pili bila mpangilio asikate tamaa, bado anaweza kurekebisha.

Utafiti mwingine wapaswa kuwafurahisha bibi zetu. Mwaka 2009 Jodi Mindell na wenzake waliwaomba akina mama kufuata hatua tatu kila usiku kwa wiki mbili: kumwogesha mtoto, kumpaka mafuta kwa kumkandakanda, kisha kufanya naye jambo tulivu kama kumwimbia, halafu kuzima taa. Akina mama 405 na watoto wao walishiriki. Watoto waliofuata hatua hizo walipata usingizi haraka zaidi na waliamka mara chache zaidi usiku, na mama zao pia walikuwa na hali nzuri ya moyo. Kuogesha, kupaka mafuta, kubembeleza: ni yaleyale yaliyofanywa na kila bibi kutoka Lamu hadi Mtwara bila kuandikiwa na mtu.

Tena sisi tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana. Kwao majira ya joto jua huzama usiku sana, na watoto hulazwa dirisha likiwa jeupe. Hapa kwetu karibu na ikweta, tofauti kati ya siku ambayo jua huwahi kuzama na ile ambayo huchelewa haifiki saa moja kwa mwaka mzima. Kila siku ya Mungu giza linaingia wakati uleule. Anga lenyewe linatupa ratiba, sisi ndio tunawasha taa na runinga kuikataa.

Kwa nchi zetu kuna sababu moja zaidi. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Mtoto anayesinzia kwenye kochi hadi saa tano yuko nje ya chandarua kwa saa zote hizo, hata kama chandarua chenye dawa kinaning'inia chumbani. Kumlaza mapema ni kumwingiza kwenye kinga ambayo tayari ipo.

"Hayo ni ya watu wenye nafasi"

Najua jibu litakalotolewa Manzese, Tandale na Mathare. Chumba ni kimoja, kitanda kiko hatua mbili kutoka kwenye jiko, na runinga iko juu ya kabati mkabala na kitanda. Baba anaendesha bodaboda na hurudi saa nne usiku. Mama anauza mboga gengeni, na wateja wa jioni ndio wanaoleta hela ya kesho. Katika maisha hayo, mtu anayezungumzia ratiba ya mtoto anaweza kuonekana hajui anachosema.

Nalichukulia pingamizi hilo kwa uzito wote, na bado naamini mtoto wa chumba kimoja ndiye anayehitaji mpangilio kuliko mwingine. Mtoto wa nyumba kubwa akikosa utaratibu, ana chumba chake cha kukimbilia kelele. Wa chumba kimoja hana, kinga yake pekee ni makubaliano ya watu wazima. Makubaliano hayo hayanunuliwi. Redio inaweza kupunguzwa sauti saa mbili. Balbu inaweza kuzimwa kwa muda hadi mtoto ashikwe na usingizi. Shuka au kanga inaweza kutundikwa kutenganisha kitanda. Mama asiyeweza kuwepo saa moja usiku anaweza kukubaliana na bibi, dada mkubwa au jirani wanayeaminiana kwamba watoto waoge, wale na walale kwa mfuatano uleule ambao yeye angeufuata. Mtoto hababaiki sana kwa kubadilika kwa mtu ikiwa hatua hazibadiliki.

Kinachokwamisha familia nyingi jioni ni chungu. Maharage yanaanza kuchemshwa saa kumi na mbili, yanaiva saa mbili na nusu, na mtoto anakula akisinzia au analala na njaa. Dawa yake mama zetu waliijua: maharage huroweshwa tangu asubuhi au huchemshwa ya siku mbili tatu kwa moto mmoja, na sehemu ya chakula cha mchana hutengwa kwa ajili ya watoto. Watoto wakila saa kumi na mbili na nusu na wakubwa wakala baadaye, hakuna heshima iliyovunjwa. Ni kweli kwamba kula pamoja kuna thamani kubwa, maana pale ndipo mtoto anapojifunza kunawa, kusubiri, kusema ahsante na kusimulia siku yake. Basi kama siku za kazi haziruhusu, familia ichague kifungua kinywa cha Jumamosi, mlo wa Ijumaa baada ya sala au wa Jumapili baada ya ibada, na mlo huo usiahirishwe.

Kuna mtu mwingine anayesahaulika kila tunapozungumzia ratiba za watoto wa mjini, naye ni dada wa kazi. Ndiye anayewaogesha, kuwalisha na kuwapokea kutoka shule. Nyumba nyingi zinamdai matokeo bila kumpa mamlaka: akimwambia mtoto azime TV, mtoto anampigia mama simu, na mama anamwambia dada amwache. Ratiba ya aina hiyo imekufa. Wazazi wakae na dada, wapange naye, na wamuunge mkono mbele ya watoto. Na wakumbuke kwamba mara nyingi dada mwenyewe ni kijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba, naye mwili wake unadai usingizi wa saa nane na zaidi. Nyumba inayowalaza watoto saa mbili inampa na yeye nafasi ya kupumzika. Nyumba inayomwacha akiosha vyombo saa sita usiku na kumwamsha saa kumi haina haki ya kujisifu kwa malezi.

Ratiba huonyesha ukweli

Faida moja ya ratiba haizungumzwi sana: ukiiandika, inakuonyesha upendeleo uliomo ndani ya nyumba. Chukua karatasi, andika saa za jioni za binti wa miaka kumi na za kaka yake wa miaka kumi na miwili. Katika nyumba nyingi utakuta binti akirudi shule anafagia, anachota maji, anamshika mtoto mdogo, anaosha vyombo, kisha anafungua daftari saa tatu usiku. Kaka yake amecheza mpira hadi magharibi, ameoga, amekula na amesoma. Mwisho wa muhula tunasema kijana ana akili za hesabu kuliko dada yake. Tumelinganisha watoto wawili ambao hawakupewa siku moja.

Kazi za nyumbani ni haki ya mtoto kujifunza, na mkataba wa Afrika wa haki na ustawi wa mtoto wa mwaka 1990, katika ibara yake ya 31, unataja waziwazi kwamba mtoto ana wajibu kwa familia na jamii yake. Wa miaka mitatu anaweza kupanga viatu mlangoni. Wa miaka sita anaweza kukunja nguo zake na kufuta meza. Wa miaka tisa anaweza kuosha sahani, kumwagilia bustani na kutandika kitanda, awe wa kike au wa kiume. Kazi ikiwa na wakati wake maalumu haihitaji kupigiwa kelele, na mtoto anaifanya kama sehemu ya kuwa mtu wa nyumba ile. Ikija kama amri ya ghafla katikati ya mchezo, anaiona adhabu. Na ikigawanywa sawasawa kati ya mabinti na wavulana, tunapata wanaume watakaojua kupika na wanawake waliopata muda wa kusoma.

Yaliyokuwepo na yaliyotuponyoka

Mpangilio wa siku haukuletwa kwetu na vitabu vya malezi vya ng'ambo. Kwenye miji ya pwani adhana imepima siku za watoto kwa karne nyingi: alasiri mtoto yuko chuoni, magharibi yuko nyumbani ameshaoga, isha ikipita anaelekea kulala. Ukifika Ramadhani mpangilio mzima unahama, futari na daku vinachukua nafasi ya milo, na watoto wanahama nao bila vurugu kwa sababu mji mzima umehama pamoja. Katika familia za Kikristo sala ya jioni imefanya kazi hiyohiyo ya kufunga siku. Bara, ng'ombe na mbuzi walimfundisha mtoto kwamba kuna jambo lisilosubiri mtu ajisikie.

Hata burudani ilikuwa na mwisho. Waliokua wakati wa Radio Tanzania Dar es Salaam wanakikumbuka kipindi cha watoto cha Mama na Mwana. Kilikuwa na saa yake, watoto walikusanyika, kilipokwisha waliinuka. Simu janja haina mwisho wa namna hiyo. Katuni moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe, na mtoto wa miaka mitatu anaachiwa kazi ya kujizuia ambayo wakubwa wenyewe inawashinda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani nilioutaja unataka mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, huku akipata angalau dakika 180 za kucheza na kujishughulisha kwa mwili. Kwa kuwa simu haina mwisho wake, mzazi ndiye aweke mwisho, na mwisho huo uwe uleule kila siku.

Mwaka 2020 ulituonyesha nini hutokea mpangilio wa nje ukiondoka. Tanzania ilifunga shule Machi 17 na wanafunzi wote wakarejea Juni 29. Kenya ilizifunga Machi, na wanafunzi wote hawakurudi hadi Januari 2021. Uganda haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Kengele ya shule iliponyamaza, nyumba nyingi zilijikuta hazina kengele yao: watoto waliamka saa nne asubuhi, wakala muda wowote na kulala muda wowote. Tulikuwa tumeikodisha siku ya mtoto kwa shule, na shule ilipofungwa hatukujua kuiendesha. Somo hilo tusilisahau kwa kuwa milango ya madarasa imefunguliwa tena.

Kwa wanaodhani ratiba ni jambo la watu waliotulia, natoa mfano wa kambi za wakimbizi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na baadaye ikapokea Warundi wengi. Katika kambi za namna hiyo, mashirika yanayohudumia watoto huanzisha mapema shule na maeneo ya michezo yenye saa zinazojulikana. Yamejifunza kwamba mtoto aliyepoteza nyumba na jirani anaanza kutulia anapojua kwamba kesho asubuhi kuna kwenda mahali fulani, na mchana kuna kurudi. Ikiwa mpangilio unamfaa mtoto aliyepoteza karibu kila kitu, hakika utamfaa wa kwetu.

Ratiba isiwe kamba shingoni

Lazima niseme pia ninachokipinga. Wapo wazazi watakaosoma makala haya na kujaza siku ya mtoto: shule, tuisheni, chuo, tuisheni tena, Jumamosi masomo ya ziada, Jumapili jioni mazoezi ya mtihani. Huko ni kumnyima mtoto siku yake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inautaja mchezo na mapumziko miongoni mwa mambo ambayo mzazi anawajibika kumpatia mtoto, sambamba na chakula, mavazi na matibabu. Ratiba nzuri ina saa tupu ndani yake, ambayo mtoto anaachiwa acheze rede, atengeneze gari la makopo au akae tu bila kufanya lolote.

Na hapa shule zibebe lawama yao. Kanuni za elimu ya msingi za Kenya za mwaka 2015 zinasema masomo katika shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kumalizika saa tisa na nusu alasiri. Shule inayomtaka mtoto wa miaka saba langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi inamwibia usingizi, hata ikiwa wastani wake wa mitihani unapendeza. Wazazi wana nguvu ya kulisema hili kwenye vikao vya shule, na wenye uwezo wa kuchagua wachague shule ya karibu badala ya yenye jina. Tanzania ilipozuia mwaka 2023 huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, ilisema kwa vitendo kwamba mahali pa mtoto mdogo ni nyumbani. Sasa nyumba ziwe tayari kumpokea.

Ratiba pia ikubali kupinda. Kuna msiba, kuna harusi, kuna shangazi aliyetoka mkoani saa tatu usiku na mtoto anataka kumwona. Siku hizo zipite kwa furaha au kwa majonzi yake, na kesho yake nyumba irudi kwenye mpangilio. Na asipigwe mtoto kwa kuchelewa kulala. Utaratibu unaolindwa kwa fimbo unamfundisha mtoto kuiogopa jioni.

Pa kuanzia

Usianze na mambo kumi. Anza na kulala, kwa sababu mengine yote yanalifuata. Hesabu kurudi nyuma: mtoto anaamka saa ngapi, anahitaji saa ngapi za usingizi, basi alale saa ngapi. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri alale saa mbili usiku. Ili alale saa mbili, mswaki na hadithi viwe saa moja na nusu. Ili hilo liwezekane, chakula kiwe saa kumi na mbili na nusu, kuoga kabla ya hapo, na kazi za shule zifanywe saa kumi na moja jioni wakati mwanga wa jua bado upo. Kabla ya kulala, sare itundikwe, viatu viwekwe mlangoni, daftari lisainiwe na begi lifungwe. Simu zote zilale mbali na watoto.

Siku za kwanza zitakuwa ngumu na mtoto atalia. Mzazi ashikilie kwa upole kwa wiki mbili au tatu bila kubadili hatua. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na katika jambo hili wamesema kweli.

Ombi langu la mwisho ni kwa akina baba. Katika nyumba zetu nyingi jioni ya watoto imeachwa mikononi mwa wanawake, na baba huingia saa ya habari, huongeza sauti ya runinga na kuvuruga kilichopangwa. Baba anayeweza kurudi mapema arudi. Asiyeweza, apige simu kabla ya saa mbili awatakie watoto usiku mwema, na akifika aingie kimya. Kwenye mambo yanayogharimu ada kubwa, mabasi na vitabu, akina baba wengi wanajitoa kwa moyo. Hili halina ada, na mtoto atalifaidi maisha yake yote. Leo jioni, kabla ya taarifa ya habari, runinga izimwe na watoto wawe kitandani.